Doullens, 26 Machi 1918: jinsi Waingereza na Wafaransa walivyomkubali jemadari mmoja

Mchana wa tarehe 26 Machi 1918, katika jengo la manispaa ya Doullens, mji mdogo ulioko kaskazini ya Amiens, serikali mbili zilizokuwa zimepigana bega kwa bega kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu zilitia saini karatasi yenye sentensi chache tu. Karatasi hiyo ilimkabidhi Jenerali Ferdinand Foch wa Ufaransa jukumu la kuratibu vita vya majeshi ya washirika katika medani yote ya magharibi. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama siku ambayo Waingereza na Wafaransa waliweka kando fahari zao na kuwa kitu kimoja. Ukiwafuatilia waliohudhuria, mmoja baada ya mwingine, taswira inayojitokeza ni tofauti. Hawakukubaliana kwa sababu walikuwa wameanza kuaminiana. Kila mmoja wao alimwona Foch kuwa kizuizi dhidi ya mtu fulani aliyekuwamo katika chumba kile kile, na kwa baadhi yao mtu huyo alikuwa wa taifa lao wenyewe.

Ili kuelewa kwa nini jambo lililoonekana la lazima tangu mwaka 1914 lilichelewa hivyo, inafaa kuanza na maagizo aliyopewa Sir Douglas Haig alipokabidhiwa jeshi la Uingereza nchini Ufaransa mwezi Desemba 1915. Maagizo yale yalimtaka ashirikiane kwa karibu na Wafaransa, lakini yalitamka wazi kwamba ukamanda wake ni wa kujitegemea na kwamba hatakuwa chini ya amri ya jenerali yeyote wa nchi mshirika. Jeshi lake lilikuwa likipigana katika ardhi ya Ufaransa, likitumia reli za Ufaransa, huku likiwa dogo kuliko jeshi la wenyeji wake. Hata hivyo kisheria halikuwa na bwana mwingine ila London.

Jaribio la kwanza la kuibadilisha hali hiyo liliacha kovu baya. Mwezi Februari 1917, katika mkutano wa Calais, Waziri Mkuu David Lloyd George, ambaye hakuwa na imani na Haig, alipanga na Wafaransa kwamba jeshi la Uingereza liwekwe chini ya Jenerali Robert Nivelle, kamanda mkuu wa jeshi la Ufaransa, na alifanya hivyo bila kuwaarifu majenerali wake mwenyewe. Haig na mnadhimu mkuu, Sir William Robertson, walipoona pendekezo mezani walikaribia kujiuzulu, na mwishowe ikakubaliwa kwamba Haig amfuate Nivelle kwa muda wa mashambulizi yaliyokuwa yakiandaliwa tu, akiwa na haki ya kukata rufaa kwa serikali yake. Mashambulizi ya Nivelle yalianza tarehe 16 Aprili 1917 yakashindwa, askari wa Ufaransa wakaasi katika vikosi vingi, na Jenerali Philippe Pétain akaletwa kuwa kamanda mkuu mpya ili aliponye jeshi. Kuanzia hapo, kila mtu aliyezungumzia kamandi moja alionekana na maofisa wa Kiingereza kama mtu anayetaka kuurudia mtego ule ule. Naamini Lloyd George, kwa hila yake ya Calais, aliichelewesha kamandi moja kwa mwaka mzima, zaidi ya alivyofanya jenerali yeyote mkaidi.

Baada ya jeshi la Italia kuvunjwa Caporetto mwezi Oktoba 1917, viongozi walikutana Rapallo mwezi Novemba na kuunda Baraza Kuu la Vita, lenye makao Versailles. Baraza lilikuwa na mawaziri wakuu na washauri wa kijeshi, lakini halikuwa na askari hata mmoja. Mwanzoni mwa Februari 1918 liliamua kuziba pengo hilo kwa kuunda akiba ya pamoja, iliyokusudiwa kuwa na divisheni 30 (vikosi vikubwa vya maelfu ya askari kila kimoja), chini ya kamati iliyoongozwa na Foch. Robertson alipinga mpango huo akapoteza cheo chake, nafasi ikachukuliwa na Sir Henry Wilson, rafiki wa Foch tangu siku ambazo Foch alikuwa mkuu wa chuo cha vita cha Paris, na Mwingereza aliyezungumza Kifaransa vizuri kuliko wenzake wengi.

Mpango wa akiba uliuawa na majenerali wawili ambao kwa kawaida hawakuelewana kwa mengi. Haig alijibu kwamba hana divisheni za kutoa, na Pétain naye hakupendezwa na wazo la kamati ya Versailles kugawa askari wake. Wote wawili waliona afadhali kuwekeana ahadi wao kwa wao: ukishambuliwa wewe, nitakuletea msaada, nikishambuliwa mimi, utaniletea. Katika kikao cha Baraza kilichofanyika London tarehe 14 na 15 Machi, Foch alilalamika kwa hasira kwamba akiba imeachwa, na Georges Clemenceau, waziri mkuu wake mwenyewe, akamnyamazisha mbele ya wageni. Siku chache baadaye Wajerumani walishambulia.

Ahadi ya watu wawili ilikuwa na kasoro ambayo haikutokana na tabia za waliowekeana ahadi hiyo. Jeshi la Uingereza liliishi kwa bandari za kaskazini: Dunkirk, Calais, Boulogne. Chakula, risasi, farasi na majeruhi wote walipita huko, na jeshi lililokatwa na bandari hizo halikuwa na pa kukimbilia isipokuwa baharini. Jeshi la Ufaransa kwa upande wake liliishi kwa Paris, mji uliokuwa kitovu cha serikali, viwanda na reli. Maadamu safu ilikuwa imara, tofauti hii haikuonekana. Lakini kama adui angepasua mahali ambapo majeshi mawili yaliungana, kila moja lingevutwa kuelekea kwenye uhai wake, Waingereza kaskazini na Wafaransa kusini, na pengo lingepanuka hata kama hakuna aliyetaka kumsaliti mwenzake. Amiens ndiyo iliyokuwa mahali pa hatari zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya treni zilizounganisha kaskazini na kusini nyuma ya medani zilipita katika makutano yake ya reli. Erich Ludendorff, aliyepanga mashambulizi ya Kijerumani, alilenga kuwatenganisha washirika na kisha kuwasukuma Waingereza kuelekea pwani.

Mahali palipochaguliwa pia palikuwa dhaifu kwa sababu ya kidiplomasia. Clemenceau alikuwa ameishinikiza Uingereza ichukue sehemu kubwa zaidi ya safu, na kufikia mwisho wa Januari 1918 Jeshi la Tano la Uingereza, chini ya Sir Hubert Gough, lilikuwa limetandazwa hadi Barisis, kusini ya mto Oise, katika mahandaki ambayo Wafaransa hawakuyakamilisha. Gough alikuwa na divisheni 12 za miguu na 3 za farasi kwa zaidi ya kilomita 65. Wakati huo huo Lloyd George aliwazuia askari wengi Uingereza akihofia kwamba Haig angewateketeza kama alivyofanya mwaka 1917 katika vita vya Passchendaele, nchini Ubelgiji, na divisheni za Kiingereza zilipunguzwa kutoka batalioni 12 hadi 9. Kwa hiyo ubavu wa kusini wa Waingereza uliachwa mwembamba kwa maelewano ya wanasiasa wa nchi zote mbili, kila mmoja akiwa na hoja yenye mantiki.

Mizinga ya Wajerumani, zaidi ya 6,000, ilianza kupiga saa kumi na dakika arobaini alfajiri ya tarehe 21 Machi. Ukungu ulikuwa mzito. Ndani ya siku chache Jeshi la Tano lilikuwa limerudi nyuma ng'ambo ya mto Somme, na mawasiliano kati ya makao makuu na vikosi yalikuwa yamevurugika kiasi kwamba hakuna aliyejua kwa uhakika safu iko wapi. Pétain alitimiza ahadi yake, na kwa kweli alipeleka divisheni nyingi kuliko alizoahidi. Jambo hili hupuuzwa sana katika masimulizi ya Kiingereza. Divisheni zake za mwanzo ziliingia vitani bila mizinga yao na zikiwa na risasi chache, kwa sababu zilisafirishwa kwa haraka.

Usiku wa tarehe 24 Machi, yapata saa tano, Pétain alimfuata Haig katika kijiji cha Dury, karibu na Amiens. Kwa mujibu wa Haig, Pétain alionekana mtu aliyefadhaika. Alihofia kwamba shambulio kubwa zaidi lingekuja Champagne, eneo la mashariki ya Paris, na akasema kwamba kama Wajerumani wangeendelea kuelekea Amiens, Jenerali Fayolle, aliyeongoza majeshi ya Ufaransa yaliyokuwa kando ya Waingereza, alikuwa ameagizwa kurudi kusini-magharibi kuelekea Beauvais ili kuikinga Paris. Haig akauliza kama maana yake ni kuuacha wazi ubavu wa kulia wa Waingereza. Pétain akaitikia kwa kichwa.

Hapa msomaji anahitaji tahadhari, kwa sababu Haig alikuwa na shajara ya mkono na baadaye nakala iliyopigwa chapa, na nakala ya pili ina maelezo ya kina ambayo ya kwanza haina. Katika nakala hiyo ya pili, Haig ndiye anayepiga simu London usiku ule ule kutaka Foch, au jenerali mwingine shupavu, apewe uongozi wa juu. Wanahistoria wamebishana sana kama simu hiyo iliwahi kupigwa; wengine wanaona Haig alijipatia sifa baada ya matokeo kuwa mazuri. Kwa uchambuzi wetu si lazima kuamua nani anasema kweli. Linalotosha ni kwamba amri za Pétain kwa majenerali wake zilikuwa kweli zikitanguliza kuliweka jeshi la Ufaransa likiwa kitu kimoja, na mshikamano na Waingereza ukafuata kama jambo la kutekelezwa likiwezekana. Haig, ambaye wiki tatu tu kabla alikataa kutoa divisheni kwa akiba ya Foch, sasa alijikuta hana mtu mwingine wa kumtegemea.

Siku iliyofuata, tarehe 25 Machi, ilipita kwa mikutano miwili isiyokutana. Viongozi wa Ufaransa walizungumza Compiègne pamoja na Bwana Milner, mjumbe wa baraza la mawaziri la vita la Uingereza, aliyetumwa na Lloyd George kuchunguza hali. Haig na Wilson walizungumza Abbeville na Jenerali Maxime Weygand, msaidizi wa Foch. Barabara zilijaa askari na wakimbizi, na hakuna kundi lililoweza kulifikia lingine. Ilikubaliwa wakutane Doullens kesho yake, mahali ambapo Haig alikuwa tayari ameitisha kikao na makamanda wake wa majeshi.

Asubuhi ya tarehe 26 Rais Raymond Poincaré, Clemenceau, waziri wa silaha Louis Loucheur, Foch na Pétain walifika na kutembea nje ya jengo la manispaa wakisubiri Haig amalize kikao chake na Plumer, Horne na Byng. Gough, ambaye jeshi lake ndilo lililokuwa likivunjika, hakuitwa. Walipokuwa wakisubiri, Pétain alimwambia Clemenceau kwamba Wajerumani watawapiga Waingereza, kisha watawapiga Wafaransa pia. Foch alisema kinyume chake: angepigana mbele ya Amiens, ndani ya Amiens na nyuma ya Amiens. Clemenceau hakumpenda Foch, aliyekuwa Mkatoliki mwenye msimamo na mwepesi wa kusema asiyoulizwa, lakini siku ile hakuwa na nafasi ya kuchagua kwa mapenzi.

Kikao chenyewe kilikuwa kifupi. Pétain alieleza kwamba Jeshi la Tano halipo tena, akalifananisha na Waitaliano wa Caporetto, maneno yaliyowachoma Waingereza, na akataja divisheni 24 ambazo zilikuwa njiani au zimeshafika. Foch alisisitiza kwamba hakuna kurudi nyuma hata hatua moja. Milner akamvuta Clemenceau pembeni, kisha kila mmoja akaenda kushauriana na watu wake. Rasimu ya kwanza ya Clemenceau ilimpa Foch uratibu wa majeshi yaliyo kuzunguka Amiens peke yake. Haig ndiye aliyetaka eneo lipanuliwe hadi medani yote ya magharibi, na alikuwa na hoja isiyopingika: jenerali mwenye mamlaka juu ya Amiens tu asingeweza kumwamuru Pétain alete akiba kutoka Champagne, na akiba hizo ndizo zilizokuwa kiini cha mashauri yote. Pétain alikubali. Milner na Clemenceau wakatia saini. Milner alifanya hivyo bila kuiuliza London, na baadhi ya mawaziri wenzake walipata habari jambo likiwa limekwisha kufanyika.

Andiko halikumpa Foch amri. Lilisema ataratibu kwa maelewano na majenerali wakuu, nao wanaombwa kumpa habari anazohitaji. Hakukuwa na neno juu ya kumwondoa kamanda, kuhamisha divisheni kwa lazima wala kuamua kati ya wanaogombana. Mwanasheria angeliona kuwa tupu. Lakini andiko lenye meno zaidi lisingepata saini siku ile, kwani lingemkumbusha kila Mwingereza mkutano wa Calais. Kama lilivyokuwa, liliwatosha wote kwa sababu zao tofauti. Haig alipata mtu wa kumzuia Pétain asiende kusini, naye hakuwa ameagizwa na Foch jambo lolote. Clemenceau alipata njia ya kuupita ukimya na hofu ya Pétain bila kumfukuza jenerali ambaye askari wa kawaida walimpenda. Milner na Wilson walipata kile ambacho Lloyd George alikitafuta kwa hila mwaka mmoja kabla, yaani mtu aliye juu ya Haig, na safari hii Haig mwenyewe alikuwa ameomba. Wakati wa chakula Clemenceau alimtania Foch kwamba amepata cheo alichokitamani, na Foch akajibu kwa uchungu kwamba amepewa vita vilivyokwisha kupotea na kuambiwa avishinde.

Mchana huo huo Foch alikwenda Dury kumwona Gough, akamkemea kwa ukali usio wa haki, akauliza kwa nini hayuko mbele na askari wake, na akaondoka akiwa ameagiza kwamba ardhi ishikiliwe popote. Siku mbili baadaye Gough aliondolewa, na Sir Henry Rawlinson akachukua nafasi yake. Serikali ilihitaji wa kubebeshwa lawama, na mtu aliyepewa safu ndefu na askari wachache ndiye aliyekuwa karibu.

Je, Doullens ndiyo iliyoiokoa Amiens? Sidhani jibu la ndiyo linaweza kutetewa kikamilifu. Divisheni za Kifaransa zilizoziba pengo baada ya Montdidier kuanguka tarehe 27 Machi zilikuwa njiani kwa amri ya Pétain kabla ya saini. Wajerumani nao walikuwa wamechoka, mizinga yao ilibaki nyuma katika ardhi iliyochimbuka, na tarehe 5 Aprili mashambulizi hayo yalisimamishwa. Waingereza walikuwa wamepoteza watu takribani 178,000, Wafaransa 77,000 na Wajerumani karibu 240,000, wakihesabiwa waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Mchango wa Doullens ulikuwa mwingine. Kabla yake, Fayolle alikuwa na maelekezo ya kuelekea Beauvais. Baada yake, alikuwa na agizo la kushikamana na Waingereza kwa gharama yoyote. Njia ya kila jeshi kwenda kwake ilifungwa.

Upungufu wa andiko ulionekana haraka, na tarehe 3 Aprili viongozi walikutana Beauvais, safari hii Lloyd George akiwapo pamoja na majenerali wa Marekani, Bliss na Pershing. Foch alipewa uelekezaji wa kimkakati wa operesheni za kijeshi. Makamanda wa mataifa walibaki na uongozi wa kimbinu wa majeshi yao, na kila mmoja alihifadhiwa haki ya kukata rufaa kwa serikali yake kama angeona amri ya Foch inalihatarisha jeshi lake. Haki ile ya Calais ilirudi, lakini sasa kwa wote kwa usawa, na ndiyo iliyowezesha mataifa kukubali mengine yaliyobaki. Cheo cha jemadari mkuu wa majeshi ya washirika nchini Ufaransa kilifuata katikati ya Aprili.

Mtihani wa kweli ulikuja tarehe 9 Aprili, Wajerumani waliposhambulia Flanders katika bonde la Lys, upande wa Waingereza tena. Haig aliomba Wafaransa wachukue sehemu ya safu yake. Foch alikataa kubadilisha vikosi vita vikiwa vinaendelea, akisema kwamba kikosi kinachobadilishana zamu ni vikosi viwili visivyopigana, na akawapa Waingereza akiba kidogo kidogo. Tarehe 11 Aprili Haig aliwatangazia askari wake kwamba migongo yao imefika ukutani. Ungeweza kutarajia rufaa kwa London hapo. Badala yake alinung'unika, akaendelea. Divisheni za Kifaransa hatimaye zilifika, zikachukua ulinzi wa mlima Kemmel, na zikaupoteza tarehe 25 Aprili, jambo ambalo liliwanyamazisha kwa muda maofisa wa Kifaransa waliokuwa wakiwabeza wenzao. Kama malipo ya msaada huo, divisheni kadhaa za Kiingereza zilizochoka zilipelekwa kupumzika katika eneo la Ufaransa lililodhaniwa tulivu, kwenye mto Aisne. Tarehe 27 Mei shambulio kubwa la Kijerumani liliangukia hapo hapo.

Mwezi Julai Foch aliomba divisheni nne za Kiingereza kwa ajili ya vita vya mto Marne, na London ikaingiwa na wasiwasi ikamkumbusha Haig haki yake ya rufaa. Haig alizipeleka kwa dhamana yake mwenyewe. Tarehe 8 Agosti mambo yalikwenda upande wa pili: Foch aliliweka Jeshi la Kwanza la Ufaransa, la Jenerali Debeney, chini ya Haig kwa ajili ya mashambulizi ya mashariki ya Amiens, kitu ambacho mwaka 1917 kingeangusha serikali ya Paris. Wiki moja baadaye Foch, sasa Marshali, alimtaka Haig aendelee kuishambulia safu ya Kijerumani iliyokuwa imeshaimarishwa kati ya Roye na Chaulnes. Rawlinson alileta picha za angani zinazoonyesha seng'enge na mahandaki, Haig akakataa, akasema anawajibika kwa serikali yake na raia wenzake kwa jinsi anavyowatumia askari wa Uingereza, na akapendekeza kushambulia kaskazini zaidi, kuelekea Bapaume. Foch alisikiliza, akakubali mashambulizi yahamie huko, na kilichofuata ni kwamba alilichukua tena jeshi la Debeney kutoka kwa Haig.